Kutoka Kete hadi Dadu ya Pande 20: Historia ya Bahati Unayoweza Kuikagua

Leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie kipande cha plastiki kinachotoshea kwenye kiganja. Wale mnaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ya kina Dungeons & Dragons, mnakijua: dadu ya pande 20. Unataka kuruka ukuta? Rusha dadu. Unataka kumdanganya mlinzi wa lango? Rusha dadu. Msimulizi anatazama namba, meza nzima inashusha pumzi, na hadithi inageuka njia.

Kwa wengi hapa Nairobi hiki ni kitu cha kigeni. Ingia duka la vitu vya watoto Westlands uulize dadu, utapewa ya ludo yenye pande sita, basi. Ukitaja pande 20 muuzaji atakutazama kama umeomba mchemraba wenye pembe tatu. Ndiyo maana wachezaji wengi huagiza kutoka ng'ambo, au humtuma jamaa anayesafiri.

Lakini ni kigeni kweli? Nimeifuatilia historia ya hivi vitu kwa muda sasa, na kadiri ninavyochimba ndivyo ninavyoona kwamba sisi wa huku tulikuwa tukitengeneza namba nasibu zamani sana. Na swali lililowakera wazee wetu ndilo linalotukera sisi waandishi wa programu leo: nitajuaje kwamba hii bahati haijachezewa?

Bao halina bahati

Tuanze na mchezo tunaojivunia zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kule Hyrax Hill karibu na Nakuru kuna mabao yaliyochimbwa kwenye mwamba. Zanzibar na Lamu wapo mafundi wanaokumbuka mtawanyo wa kete na kupiga hesabu ya mizunguko mingi bila kugusa chochote. Mtafiti Alex de Voogt aliandika tasnifu nzima juu ya mabingwa hao mwaka 1995.

Ila tazama jambo moja. Ndani ya bao hamna nasibu hata chembe. Kila kitu kiko wazi mezani. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako, wala huna dadu ya kulaumu. Kwa lugha yetu ya kompyuta, bao ni mfumo ambao ukiingiza kitu kilekile unapata jibu lilelile, kila mara.

Sasa neno kete lenyewe linatuchekesha kidogo. Kete ni kipande cha kuchezea, lakini pia ni jina la kauri, yule konokono mdogo wa baharini mwenye ganda linalong'aa. Na ganda la kauri lina pande mbili: mgongo ulioumuka, na tumbo lenye ufa. Lirushe, litaangukia upande mmoja au mwingine. Moja au sifuri. Hiyo ni biti, ndugu msomaji, iliyookotwa ufukweni.

Wahindi walilitambua hili mapema. Mchezo wao wa pachisi ulichezwa kwa kurusha makauri sita au saba na kuhesabu yaliyoangukia upande mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza mmoja aitwaye Alfred Collier akachukua hataza ya mchezo uliotokana na pachisi, akaondoa makauri, akaweka dadu moja ya pande sita na kikombe cha kuitikisia. Huo ndio ludo. Mwaka 1896 reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mnamo Mei 1899 ikafika penye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi. Leo ukipita vibanda vya Kawangware au Kangemi jioni utawakuta vijana wameinamia ludo, ama kwenye ubao, ama kwenye simu.

Kuondoa makauri na kuweka dadu hakukuwa kubadilisha chombo tu. Hesabu nzima ilibadilika. Dadu moja humpa kila upande nafasi sawa: moja kati ya sita. Makauri sita ni kitu kingine. Tukichukulia kwamba kila ganda lina nafasi sawa pande zote mbili, kuna matokeo 64, na matatu kulala chali hutokea mara 20 kati ya hizo 64, ilhali yote sita kulala chali hutokea mara moja tu. Matokeo yanarundikana katikati. Ndiyo sababu katika Dungeons & Dragons ya awali nguvu na akili za mhusika zilipatikana kwa kurusha dadu tatu za pande sita na kujumlisha: kupata 18 ni bahati moja kati ya 216, lakini kupata 10 ni 27 kati ya 216. Watu wengi ni wa kawaida, mashujaa ni wachache. Makauri yalilijua hilo kitambo.

Ramli ni biti nne

Hapa wengine mtakunja uso, nivumilieni. Pwani yetu ina neno ramli, kutoka Kiarabu, lenye maana ya mchanga. Wapo wanaoiamini na wapo wengi wanaoikataa kwa sababu za dini. Mimi simo katika mjadala huo. Mimi nataka kuangalia mashine tu.

Mpiga ramli hutia alama mchangani haraka bila kuhesabu, kisha huzihesabu mbilimbili. Ikibaki moja, anaandika nukta moja. Zikiisha sawa, anaandika nukta mbili. Anafanya hivyo mara nne, anapata umbo moja la mistari minne. Mistari minne yenye hali mbili kila mmoja: maumbo 16 kamili. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta anaijua hiyo. Ni biti nne.

Haishii hapo. Anapata maumbo manne ya kwanza, yaani biti 16, na kutoka hapo kila kitu kinachofuata ni hesabu tupu. Manne mengine hupatikana kwa kusoma yale ya kwanza kwa upande, kama unavyogeuza jedwali safu zikawa nguzo. Kisha maumbo huunganishwa mawili mawili: jumlisha nukta za mstari, zikiwa shufwa weka mbili, zikiwa witiri weka moja. Waandishi wa programu, hiyo ni XOR! Mwisho linabaki umbo moja ambalo ni kama hakimu. Na hakimu huyo, kwa jinsi hesabu ilivyopangwa, lazima awe na jumla ya nukta shufwa. Akitokea na jumla ya witiri, mpiga ramli anajua kwamba amekosea mahali fulani njiani.

Hebu tulia hapo. Huo ni ukaguzi wa makosa kwa shufwa na witiri, njia ileile ambayo mashine zilikuja kuitumia kulinda data ndani ya kumbukumbu na kwenye nyaya. Watu waliokaa chini mchangani waliona kwamba ukitaka kuamini matokeo, lazima uweke njia ya kuyakagua. Kule Uajemi na India walikwenda mbele wakatengeneza dadu maalumu za ramli: michemraba minne ya shaba iliyotungwa kwenye kijiti, inayozunguka kila mmoja peke yake. Dadu zilizobuniwa kwa kazi moja. Dadu za kuagizia, tungesema leo.

Dadu, kopa na shupaza

Na neno dadu? Wareno walianza kujenga Fort Jesus Mombasa mwaka 1593, na walipoondoka waliacha maneno mengi kinywani mwetu: meza, mvinyo, gereza, leso, karata. Ukicheza karata kwa Kiswahili, majina ya aina nne ni kopa, uru, shupaza na pau, yote ya Kireno. Na Mreno dadu anaiita dado. Utaona mwenyewe ukoo ulivyo. Mabaharia walicheza, wenyeji wakatazama, na lugha ikapokea.

Pamoja na mchezo vilikuja pia vilio. Katika mitaa ya katikati ya Nairobi, hasa upande wa River Road na karibu na vituo vya mabasi, kizazi baada ya kizazi kimeliwa na pata potea. Karata tatu juu ya kadibodi, mkono mwepesi, na umati unaojifanya wapita njia kumbe ni wenzake. Mgeni kutoka mashambani anaona mtu "akishinda", anatoa nauli yake, inakwenda. Pata potea haina nasibu yoyote. Ni wizi uliovaa nguo za nasibu. Funzo lake ni moja: bahati ambayo huwezi kuigusa, kuigeuza na kuijaribu wewe mwenyewe, si bahati. Serikali nayo ilitunga sheria ya kamari mwaka 1966, ikaweka bodi ya kusimamia, lakini hakuna bodi inayokaa kwenye kila kadibodi ya River Road.

Kwa nini pande 4, 6, 8, 12 na 20?

Sasa tuje kwenye maumbo. Ukitaka dadu ambayo kila upande una haki sawa, njia rahisi ni kutumia umbo ambalo nyuso zake zote zinafanana na kila pembe inafanana na nyingine. Mangapi yapo? Matano tu. Plato aliyaandika karne ya 4 kabla ya Kristo, na Euclid akathibitisha kule Alexandria, hapahapa barani Afrika, katika kitabu cha mwisho cha kazi yake ya jiometria.

Uthibitisho unaweza kuufanya kichwani ukiwa ndani ya matatu. Kwenye pembe ya umbo lazima zikutane nyuso tatu au zaidi, na jumla ya digrii zake lazima ipungue 360, la sivyo unapata kitu bapa kama sakafu. Pembetatu ina digrii 60: zikutane tatu unapata umbo la nyuso 4, nne unapata nyuso 8, tano unapata nyuso 20, na sita tayari ni 360, sakafu. Mraba una 90: mitatu tu, unapata mchemraba. Pembetano ina 108: tatu ni 324, unapata nyuso 12. Pembesita ina 120, tatu ni 360, sakafu tena. Mchezo umeisha. Mungu aliweka matano na duka likafungwa.

Watu hawakungoja uthibitisho ndipo wacheze. Leonard Woolley alipochimba makaburi ya kifalme ya Ur, Iraki, miaka ya 1920, alikuta mchezo wa miaka 4,500 hivi iliyopita, na dadu zake zilikuwa za nyuso nne, zenye pembe mbili kati ya nne zilizotiwa alama. Misri ya enzi za Waptolemaio na Warumi walichonga dadu za pande 20 kwa mawe, zikiwa na herufi za Kigiriki kila upande, na makumbusho ya Metropolitan huko New York wanazo. Nyingine ilipatikana katika oasisi ya Dakhla, imeandikwa majina ya miungu ya Kimisri kwa hati ya demotiki badala ya namba. Kwa hiyo ukiambiwa dadu ya pande 20 ni kitu cha Wamarekani, cheka kidogo. Dadu nyingi za pande 20 za kale tunazoonyeshwa leo zimetoka bonde la Naili na majangwa yake.

1974, na upungufu uliozaa ubunifu

Baada ya hapo maumbo hayo yalilala shuleni. Yalibaki vifaa vya kufundishia jiometria. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Gygax alikuwa amezikuta dadu za maumbo matano katika katalogi ya vifaa vya shule. Dadu ya pande 20 ya wakati huo ilikuwa na namba 0 hadi 9 zilizoandikwa mara mbili, na wachezaji walipaka nusu ya namba rangi tofauti ili kujua ipi ni 3 na ipi ni 13. Kubadilisha dadu kwa mkono ni desturi ya umri uleule wa mchezo wenyewe.

Kisha likaja jambo ambalo Mkenya yeyote atalielewa. Mwaka 1979 dadu ziliadimika, viwanda havikumudu. Kampuni ikafanya nini? Ikaweka ndani ya kisanduku vipande vya kadibodi vyenye namba, uvitie kikombeni uchague kimoja bila kutazama. Na hata dadu ziliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuja na namba zisizo na rangi pamoja na kipande cha krayoni: jipakie mwenyewe. Jua kali ya Wisconsin!

Dadu ya pande 10 ilijiunga na seti wakati huohuo, karibu na mwaka 1980. Hiyo haimo kwenye yale matano ya Plato. Nyuso zake zina umbo la tiara ya kurusha hewani, lakini zote zinafanana, kwa hiyo haki inabaki. Ndiyo maana seti ya leo ina dadu saba: 4, 6, 8, 12, 20, na mbili za 10, moja ya makumi na moja ya mamoja, za kupata asilimia.

Mzee mwingine wa kukumbukwa ni Lou Zocchi. Huyu alitembea maonyesho mengi akihubiri kwamba dadu za viwandani husuguliwa ndani ya pipa ili zing'ae, na zinapong'aa zinapoteza umbo zinakuwa kama yai. Zake aliziacha na kingo kali. Katikati ya miaka ya 1980 alitengeneza hata dadu ya pande 100, karibu mpira kabisa, ambayo ukiirusha unaweza kwenda kuchemsha chai ukirudi ndio inatulia.

Je, dadu yako ni mwizi?

Sasa tufike penye maumivu. Vikundi vya mchezo huu huvunjika kwa mambo madogo, na hili ni mojawapo: mtu mmoja "ana bahati mno". Anapata 20 mara nne usiku mmoja. Mwenzake anatupa neno la mzaha, mwingine analidaka, na mwisho mtu anaondoka na dadu zake mfukoni na harudi tena. Urafiki wa miaka unakwisha kwa sababu ya plastiki.

Kabla ya kumwita mtu mwizi, tupige hesabu. Tuseme kila mchezaji anarusha mara 30 kwa usiku. Nafasi ya mchezaji mmoja kupata 20 mara nne au zaidi, kwa dadu safi kabisa, ni karibu asilimia 6. Ni ndogo, eeh? Lakini mezani mko watano. Nafasi kwamba angalau mmoja wenu atapata hivyo ni karibu asilimia 27. Yaani katika kila usiku nne, zaidi ya mmoja utakuwa na mtu anayefanana na mwizi, na hakuna aliyeiba. Akili ya binadamu haikuumbwa kuona hili. Ndiyo sababu tuna takwimu.

Historia hapa ni tamu. Mwingereza W.F.R. Weldon alirusha dadu 12 mara 26,306, na mwaka 1894 matokeo yake yakawa tayari. Namba zote zilizoonekana: 315,672. Kati ya hizo, 5 na 6 zilitokea mara 106,602. Dadu safi ingetoa 105,224. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa mirusho mingi hivyo si bahati. Dadu zilikuwa na upendeleo, na maelezo yanayotajwa sana ni kwamba upande wenye mashimo sita huwa mwepesi kuliko wenye shimo moja, basi huelekea juu. Mwaka 1900 Karl Pearson alitumia data hiyohiyo kuonyesha kipimo kipya, kai mraba, ambacho leo kiko katika kila programu ya takwimu. Kwa maneno mengine, moja ya zana kuu za sayansi ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa kuikagua dadu.

Kukifanya mwenyewe ni rahisi. Rusha dadu ya pande 20 mara 1,000, ukiandika kila tokeo. Unatarajia kila upande mara 50. Kwa kila upande, chukua tofauti kati ya ulichopata na 50, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa 50, kisha jumlisha zote 20. Jumla ikizidi 30.14, anza kushuku: dadu safi huvuka hapo mara moja tu kati ya 20. Ikiwa chini, omba radhi. Na usikimbilie kushuku kwa sababu upande mmoja umetokea mara 61. Kwa mirusho 1,000, upande huyumba kwa karibu 7 juu au chini bila sababu yoyote.

Wengine hutumia maji ya chumvi: unayeyusha chumvi nyingi hadi dadu ielee, kisha unaizungusha uone kama inarudi kila mara upande uleule. Inasaidia kugundua kiputo cha hewa ndani ya plastiki. Lakini maji yanaonyesha uzito tu, hayaonyeshi umbo la yai la Zocchi. Mirusho inaonyesha yote.

Jitengenezee, lakini linda hesabu

Upande wa magharibi wa jiji letu una mikono ya kutosha. Kazuri kule Karen wanafinyanga shanga za udongo tangu 1975. Kibera kuna mafundi wanaochonga mapambo kwa mifupa ya ng'ombe, na mfupa ndio dadu ya kale kuliko zote. Barabara ya Ngong ndipo iHub ilipofunguliwa mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina FabLab yake yenye mashine za kukata na kuchapa vitu vya 3D. Ukijaribu, kumbuka kila malighafi na tabia zake. Udongo hunywea motoni na haunywei sawa pande zote. Mfupa una uwazi ndani. Printa ya 3D hujenga tabaka kwa tabaka, na ukiacha ndani wazi, uzito haukai katikati, jaza kabisa. Resini inayomiminwa kwenye kalibu ya silikoni hutoka safi, ila viputo ni adui.

Kuna kanuni chache usizivunje. Pande mbili zinazotazamana zijumlishe namba moja: 7 kwa dadu ya sita, 21 kwa dadu ya 20. Hivyo namba kubwa na ndogo zinatawanyika, na kasoro ndogo ya uzito haipendelei namba kubwa zote pamoja. Jihadhari na zile dadu za pande 20 ambazo namba zimepangwa kwa mfuatano, 20 karibu na 19 karibu na 18. Hizo ni za kuhesabia alama, si za kurusha. Na weka mstari chini ya 6 na 9.

Baada ya hapo, jiachie. Hakuna aliyesema lazima ziwe namba. Yule wa Dakhla aliweka miungu yake. Kwa hadithi inayotokea Nairobi unaweza kuweka matatu sita: 46 Kawangware, 23 Kangemi, 111 Ngong, 8 Kibera, 24 Karen, 105 Kikuyu. Msimulizi anarusha, na shujaa anajikuta ameshuka pasipo kwao.

Na kama huna hela ya dadu? Vifuniko vya soda, vilevile tunavyochezea drafti. Kifuniko kimoja ni biti moja, lakini hakina haki: huenda kikapenda kulala chali. John von Neumann alitoa dawa mwaka 1951. Kirushe mara mbili. Kikianza chali kikafuata kifudifudi, andika 1. Kikianza kifudifudi kikafuata chali, andika 0. Vikifanana, futa urudie. Hata kifuniko kikiwa na upendeleo wa 60 kwa 40, 60 mara 40 ni sawa na 40 mara 60, kwa hiyo 1 na 0 zinapata haki sawa. Utapoteza zaidi ya nusu ya majaribio, lakini utakachobakiwa nacho ni safi. Kusanya biti tano: una namba 0 hadi 31. Ikiwa kati ya 0 na 19, ongeza 1, hiyo ndiyo dadu yako ya pande 20. Ikizidi, rudia. Usijaribu kuipunguza kwa kugawanya na kuchukua baki, maana hapo namba 1 hadi 12 zitapata nafasi mbili na nyingine moja. Kosa hilo limo ndani ya programu nyingi zinazotumika hadi leo.

Tusipokonywe

Kwa nini nimeandika haya yote? Kwa sababu bahati imehamia kwenye simu, na simu haina pande za kugeuza. Vijana wetu wanaweka pesa kwenye vindege vinavyopaa na kulipuka kwenye kioo. Baadhi ya michezo hiyo huchapisha alama ya siri kabla ya raundi na kufichua asili yake baadaye, ili ukague kwamba haikubadilishwa. Ni ubunifu mzuri, na ni mjukuu wa yule hakimu wa ramli. Lakini wangapi hukagua? Na hata ukikagua ukakuta kila kitu safi, sheria za mchezo zenyewe zimempa mwenye nyumba kipande chake katika kila raundi. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari. Sheria ni nzuri, ila haitakufundisha kuhesabu.

Dadu mezani inafundisha. Mtoto aliyerusha dadu mara 1,000 na kuandika matokeo kwenye daftari hatadanganyika kirahisi kwamba "leo ni siku yangu". Ameiona bahati ikiwa uchi. Anajua haina kumbukumbu, haimpendi mtu, wala haimdai mtu.

Kwa hiyo wikendi hii tafuta vifuniko vitano vya soda, kalamu na daftari. Ukitoka salama na vifuniko, nenda kwa udongo au resini. Na mezani kwenu akitokea mwenye bahati mno, msimtazame kwa jicho baya. Mwombeni dadu yake, na mhesabu.